Kwa Kisilu Musembi, Aliyewaita Wagonjwa kwa Jina la Nyumbani

Mwaka umetimia, Baba Nzula, tangu ulipolala kwenye kiti chako Jumapili mchana, redio ikitangaza mpira, ukakataa kuamka. Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tisini na tatu. Sisi wa nyumba yako ya mtaa wa Jamhuri tunakukumbuka leo, wa nyumbani Mbooni wanakukumbuka, na wapo wengine hapa mjini wanaokukumbuka ambao sisi hata majina yao hatuyajui, ila wewe uliyajua.

Tulikuwa tumeandika maneno machache ya gazeti, kama watu wafanyavyo. Baba mpendwa, mume mwema, pengo halitazibika. Mdogo wako Mutiso akasema yanatosha. Mimi nikasema hayatoshi, kwa sababu watu wameongea mengi tangu ulipoondoka, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wanasema unaita watu. Wanasema mwezi wa nne nusura umchukue binti yetu Nzula pale alipokuwa amelazwa kwa upasuaji. Mimi nilikuwa ndani ya chumba kile. Nitasema nilichokiona na nilichokisikia, kisha kila mtu aende na imani yake. Basi karatasi hii itasomwa kanisani Jumamosi na kugawiwa mlangoni. Wasiopenda marefu wana ruhusa ya kulala. Wewe ungewafurahia.

Watu wengi hawakuijua kazi yako. Uliponiposa niliwaambia dada zangu nimepata daktari. Wakauliza, daktari wa nini? Nikasema, wa usingizi. Walicheka hadi wakamwaga chai. Mmoja akasema, "Huyo si atakulalia tu, Munyiva?" Nilipokuletea maneno hayo hukukasirika. Ulisema kumlaza mtu si kazi, hata mhubiri anaweza. Kazi ni kumrudisha.

Ulinieleza polepole, mwaka baada ya mwaka, maana hukuwa msemaji. Mpasuaji anashughulika na pale anapokata. Wewe ulikaa kichwani kwa mgonjwa, kwenye stuli yako, ukiwa umeishika pumzi yake. Dawa ikiingia mwilini, misuli yote inalegea, hata kifua kinasahau kupanda na kushuka, na kwa muda wote huo wewe ndiye uliyekuwa ukimpumulia, ukiuminya ule mfuko mweusi wa mpira. Kidole kwenye mshipa, macho kwenye midomo na kucha. Ndiyo maana uliwafutisha akina mama rangi ya kucha kabla ya upasuaji, nao wakakununia. Umeme ukikatika, mpasuaji aliweza kusimama akangoja tochi. Wewe hukuwa na cha kungoja. Mkono wako uliendelea kuminya gizani, na ukifika nyumbani siku kama hizo vidole vilikuwa vimekaza, nami ndiye niliyekushikia kikombe.

Na hawakukushukuru. Waliopona walimpelekea mpasuaji kuku na mayai, na mara moja mbuzi mzima alifungwa nje ya lango la hospitali. Wewe hawakukukumbuka, maana ulikuwa uso wa mwisho kabla ya giza na wa kwanza baada yake, na nyakati zote hizo mbili mtu hana akili zake. Nilikutania kwamba asante ya punda ni mateke. Ulijibu kuwa mgonjwa asiyekukumbuka ni mgonjwa aliyelala vizuri. Mimi nilikasirika kwa niaba yako, tena napenda kuku.

Lakini ulikuwa na desturi moja ambayo hukufundishwa na chuo chochote. Jioni kabla ya upasuaji ulipita wodini, ukakaa ukingoni mwa kitanda, ukauliza maswali yenu ya kawaida. Amekula nini na lini. Kuna jino linalocheza? Kuna dawa inayomdhuru? Kuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kupewa dawa ya usingizi akasumbua kuamka? Halafu, ukishasimama kama mtu anayeondoka, ulirudi na swali lako la mwisho: "Nyumbani, ulipokuwa mtoto mdogo, walikuwa wanakuitaje?"

Watu wazima waliona haya. Meneja mmoja wa benki alitazama kwanza kama mlango umefungwa ndipo akakunong'oneza. Wewe uliamini kwamba jina la kwenye kitambulisho sikio hulisahau upesi, lakini lile ambalo mama alimwitia mtu aje anywe uji ndilo la mwisho kuzama na la kwanza kuibuka. Ulimwambia, "Kesho tukimaliza nitakuita kwa jina hilo. Ukinisikia, itika tu. Hayo mengine niachie mimi." Hukuyaandika majina hayo popote. Uliyabeba kichwani, na hata mimi hukuniambia; machache niliyasikia mwenyewe kwa bahati.

Siku moja nilikuletea funguo ulizosahau, nikasimama kwenye ujia nje ya chumba cha upasuaji. Nikasikia sauti yako ndani ikisema, "Bachu. Bachu. Haya, Bachu, itika." Mara mzee mzima akaitika kwa sauti ya mtoto wa miaka mitano. Alipotolewa kwa machela nikamtambua. Alikuwa Bhagwanji, mwenye duka la vitambaa Biashara Street, mtu ambaye wafanyakazi wake hawathubutu kukohoa mbele yake. Nilikupa funguo zako nikaondoka bila kukuaga.

Nyumbani uliifanya kazi hiyo hiyo bila kujijua. Nikisinzia kochini Jumapili baada ya chakula, nilifumbua macho nikakukuta umevuta kiti, umekaa, unakitazama kifua changu kinavyopanda na kushuka. Nikikuuliza kuna nini, ulisema, "Hakuna, lala." Iliniudhi. Nilikuambia mimi si mgonjwa wako. Sasa hakuna anayenitazama nikilala, na nakiri kwamba silali vizuri.

Na watoto. Wazazi wengine huwavuta watoto blanketi asubuhi ya shule. Wewe ulisimama mlangoni ukaita, ukangoja, ukaita tena, hadi mtoto aitike kwa kinywa chake. Mwana wetu Musembi ulimwita kwa jina lake. Nzula ulimwita Mwaitu, yaani mama, kwa kuwa amepewa jina la mama yako mzazi, na kwetu Wakamba binti wa namna hiyo ni mama wa baba yake. Ukimwita hivyo alikuja mbio hata akiwa amenuna.

Tulikuzika Mbooni. Mama yako, ambaye nyumba nzima tunamwita Susu kama wajukuu wanavyomwita, alipanda nasi gari kurudi Nairobi akasema hawezi kukaa peke yake na kaburi bichi. Ndiyo sababu alikuwepo sebuleni mchana ule mlango ulipogongwa, mwezi wa kumi. Nilifungua nikamkuta mama mmoja wa makamo, amejishika tumbo kwa mkono mmoja, mkono wa pili umebana kuku.

"Hapa ndio kwa Daktari Kisilu?"

"Ndiyo. Karibu ndani."

Alisema anaitwa Nakhumicha, anauza mboga huko Uthiru. "Nimeletea yeye kuku. Alinilalisha wakati ya operesheni na akaniamsha vizuri sana. Wenzangu wote kwa wodi wanapelekea daktari ya kukata. Mimi nikasema hapana, huyu ndio aliniita."

Nilidhani anasema habari za zamani. Nikamuuliza alipasuliwa lini.

"Si juzi tu, wiki imeisha. Uvimbe. Huoni hata kukaa siwezi kukaa?"

Nilimpa mto wa kuegemea. Nikamwambia kwa upole kwamba wewe ulikuwa umezikwa tangu Agosti. Alicheka, akadhani namtania, kisha akaona uso wa Susu akaacha kucheka.

"Mama, usinichezee. Sikuona sura, lakini nilisikia. Kulikuwa na mtu hapo juu ya kichwa. Akasema, 'Mimi ni Kisilu, niitikie.' Na aliniita Kukhu. Hiyo jina hakuna mtu anaijua hapa Nairobi. Hata bwanangu haijui. Ni marehemu mama yangu tu alikuwa ananiita Kukhu, kwa sababu nilipewa jina ya nyanya."

"Na wewe ukafanya nini?" Susu akamuuliza.

"Nikaitika, nyanya. Angeniita aje na ninyamaze?"

Hakumaliza chai yake. Alimweka kuku chini, akatuaga, akatoka akitembea upande upande kwa maumivu. Kuku akabaki anazunguka sebuleni akidonoa zulia. Huyo ndiye kuku wako wa kwanza, Baba Nzula, na hukuwepo kumla. Hakuna aliyethubutu kumchinja. Yuko hadi leo nyuma ya jiko na amekuwa na kiburi.

Susu aligeuza kiti chake kutazama ukuta. Alisema jambo ambalo mimi pia nililelewa nalo: aliyekufa akikuita, usiitike. Ukiitika umekubali kwenda naye. Nikamwambia, "Lakini, Mama, huyu ameitika na amekuja hapa kwa miguu yake." "Bado," akasema, akautazama tena ukuta.

Nilikwenda kumtafuta Vidya, mwanafunzi wako, aliyeachiwa kazi yako pale hospitalini. Unamjua, msichana wa watu ana mikono mizuri na haya nyingi. Nilimuuliza kama anawauliza wagonjwa majina ya utotoni kama wewe.

"Hapana, Mama Nzula. Mimi naona aibu. Mzee mzima nimuulize mama yake alimwita nani? Mimi naita jina ya faili tu." Kisha akatazama nyuma yake, ingawa kwenye kile chumba chenu cha chai tulikuwa na Muuguzi Caren tu. "Lakini nitakuambia kitu. Wanaitika kabla sijaita. Naweka mkono kwa bega, nafungua mdomo nimuite, na tayari mtu amesema 'naam.' Sasa anaitikia nani?"

Caren, aliyekuwa akisuuza vikombe, aliyaacha maji yakimwagika.

Sikuogopa wakati huo, nataka ujue. Nilijua hasira zako zote na hazikuzidi kukunja gazeti. Nilichokiogopa ni ile "bado" ya mama yako, kwa sababu neno la mzee likishatoka huwa linatembea ndani ya nyumba.

Likizo ya Aprili, Nzula akiwa nyumbani kutoka shule, aliamka asubuhi amejikunja kama mtoto mchanga. Tumbo upande wa kulia. Jirani yetu Gurdeep alitutia kwenye pikapu yake, tukapita Ngong Road akipiga honi njia nzima na kuwatukana madereva kwa lugha zote anazozijua. Walimpima wakasema ni kidole tumbo, kimeshaiva, apasuliwe sasa hivi. Hapakuwa na muda wa mtu kuja kukaa ukingoni mwa kitanda na kuuliza maswali. Vidya alinishika mikono akaniambia, "Nitamshika kama wangu." Nikamwamini, na ninamwamini hadi leo.

Machela ilipofika mlangoni Susu aliishika isiende. Alimshika Nzula kifundo cha mkono, akainama, akasema kwa Kikamba, na Caren aliyekuwa anasukuma alisikia pia kwa kuwa ni wa kwetu kwa mama yake.

"Baba yako atakuita huko ndani. Usimwitikie. Hata akikuita kwa upole, uma meno, nyamaza kimya."

"Mama, tafadhali," nikasema. "Usimtishe mtoto."

Nzula alinitazama mimi, kisha akamtazama mwenye jina lake, akamkubalia Susu kwa kichwa. Milango ikafunguka ikafunga.

Tulikaa kwenye benchi, mimi na mama yako, tukiwa tumeacha nafasi ya mtu wa tatu katikati. Mpasuaji akatoka akivua kofia, anatabasamu: kazi imeisha salama, wanamwamsha tu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Tukangoja machela, machela haikuja. Akaja Caren, na yeye hakuwa akitabasamu. Akanirushia gauni la kijani. "Mama Nzula, daktari anakuita. Haraka."

Alikuwa amelala chali, mrija wa hewa bado mdomoni, na meno yameufunga huo mrija hadi umebonyea. Vidya alikuwa kwenye stuli yako, anauminya mfuko kwa mikono miwili, na mfuko ulikuwa mgumu, hauingii. Midomo ya mtoto wangu ilikuwa imeanza kuwa ya zambarau. Kilichonitisha zaidi ni macho. Yalikuwa yamefumbwa kwa nguvu, na machozi yanatiririka pembeni hadi masikioni.

"Dawa imeisha kwa mwili yake," Vidya akasema bila kuniangalia. "Anasikia, najua anasikia. Ni kama anakataa. Nimemlegeza mara moja, ikiisha tu anauma tena. Nikirudia, moyo utashuka, umeshaanza kushuka. Muite wewe. Wewe ni mama."

Nikamwita. "Nzula. Ni mimi. Itika, mwanangu." Meno yakazidi kukaza. Nikamshika taya, nikamsihi, nikamkaripia, na kila nilipoita alijifunga zaidi, na mfuko mikononi mwa Vidya ukawa kama jiwe. Ndipo nikaelewa. Alikuwa ameonywa juu ya sauti, na mle gizani alimokuwa hakuweza kujua sauti ipi ni ya nani. Alikuwa anamtii bibi yake kwa nguvu zake zote, na utii huo ndio uliokuwa unamuua.

Nilitoka mbio na gauni langu la kijani, nikamvuta Susu kwenye benchi.

"Mama, njoo umwambie aitike."

"Nimwambie aende?"

"Anakufa kwa kukutii! Ameuma mrija, hewa haipiti!"

"Ni Kisilu anamvuta," akasema. "Ni mwanangu, Munyiva, lakini amekufa. Aliyekufa hana huruma."

Nikamwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mama mkwe na sitarudia. Nikamwambia, "Kisilu alirudisha watoto wa watu miaka yote ya kazi yake, na wewe uliyemzaa unasema wa kwake ndiye atakayempoteza? Yule mama wa kuku aliitika. Yuko Uthiru, anauza sukuma wiki. Humjui mwanao?"

Alisimama. Kisha akavua viatu vyake mlangoni bila kuambiwa, kama anayeingia mahali pa ibada, akaingia na soksi.

Hakumtazama Nzula kwanza. Alitazama juu, nyuma ya bega la Vidya, pale anaposimama mtu anayekitazama kichwa cha mgonjwa. Akasema nawe kwa Kikamba. Alisema, "Kisilu, kama ni wewe, mrudishe. Usipomrudisha, mimi si mama yako, na hilo titi nililokunyonyesha ninalidai." Vidya hajui Kikamba, lakini alisogeza bega lake, kama mtu anayempisha mwingine. Ndipo Susu akainama sikioni kwa mtoto.

"Nzula. Mimi ndiye niliyekukataza na mimi ndiye ninayekufungulia. Anayekuita ni baba yako. Mwitikie."

Taya likalegea. Niliusikia mfuko ukitoa pumzi mikononi mwa Vidya, nikakiona kifua kikipanda, kikashuka, kikapanda tena. Midomo ikarudi rangi yake polepole. Baada ya muda Vidya akautoa mrija. Nzula akakohoa, akafumbua macho. Hakunitazama mimi, wala Susu, wala Vidya. Alitazama juu, pale pale alipokuwa ametazama Susu, akasema kwa sauti iliyokwaruza:

"Ee, Baba. Nimeamka."

Caren aligeuka kuangalia. Hapakuwa na mtu, bali ukuta mweupe na saa.

Jioni, alipokuwa na nguvu ya kuongea, nilimuuliza. "Mum, alikuwa ananiita Mwaitu," akasema. "Vile tu alikuwa anafanya asubuhi ya shule. Anaita, anangoja. Anaita, anangoja. Hakuwa amekasirika hata kidogo. Nilikuwa nataka kuitika mpaka basi, ndio maana niliuma meno hivyo, isinitoke. Halafu nikasikia Susu mwenyewe amesema ni sawa. Nikamwitikia. Akaniambia, 'Haya, sasa amka polepole,' na akaenda."

"Akaenda wapi?"

"Kwa mwingine. Alisema kuna mwingine anangoja."

Niliposikia hivyo nilikumbuka kwamba chumba cha pili cha upasuaji palikuwa na kijana wa ajali waliyekuwa wanamalizia kumshona saa ile ile Nzula alipoamka. Sikwenda kumuuliza aliamshwa na nani. Kuna mambo mtu huyaacha yapite.

Vidya alilia sana siku ile, akiwa bado amekalia stuli yako. Alipojifuta aliniuliza, "Nyumbani mnamwita nani?" Nikamwambia. Akarudia neno hilo taratibu, Mwaitu, Mwaitu, kama anayejifunza. Kesho yake akaanza kupita wodini jioni na kukaa ukingoni mwa vitanda. Caren ananiambia anauliza kwa haya, anashika shika kola yake, lakini anauliza. Mabibi wa Lavington anawauliza, na askari wanaolinda mageti yao anawauliza. Asubuhi anawaita kwa majina hayo na wanangoja mpaka awaite. Hakuna tena anayeitika kabla. Nimeulizia kila nilipokutana na Caren, na jibu ni lile lile: wanamsikia Vidya.

Nilifurahi. Hapana, nisiseme uongo kanisani. Sikufurahi. Nilikwenda chumbani nikafunga mlango nikalia kama siku ya mazishi, kwa sababu alikuwepo mtu wa mwisho aliyekusikia, na hakuwa mimi. Nakhumicha umemwita. Watu nisiowajua umewaita. Nzula umemwita hata akaogopa. Mimi niliyekupikia, niliyekushikia kikombe vidole vikikukaza, hujaniita hata mara moja. Nilijilaza kochini Jumapili mchana makusudi, nikafumba macho, nikangoja. Nilisikia redio ya jirani.

Susu alinikuta hapo. Nilimweleza, kwa kuwa tangu siku ile ya hospitali hatufichani. Alikaa miguuni mwangu, akafikiri. "Hawezi kukuita," akasema. "Mwanangu hakuita mtu aliye macho. Wewe hujalala, Munyiva. Inuka, chakula kinaungua." Na kweli kilikuwa kinaungua.

Mama yako siku hizi anamcheka hata Mutiso anayeogopa kupita hospitalini. Nakhumicha yu mzima, amesema Jumamosi atakuja na mboga za ibada. Nzula yuko shuleni, anajiandaa kwa mtihani wa mwisho, na ameandika kwamba anataka kusomea udaktari. Hajasema wa nini, nami sijamuuliza.

Basi pumzika, Kisilu. Umefanya kazi zaidi ya mkataba. Wagonjwa wana mtu wa kuwaita, na anawaita vizuri. Hatukuombi urudi, na hatukufukuzi.

Ila mimi nina ombi moja, na nalisema mbele ya watu wote hawa ili usije ukasema hukusikia. Siku yangu ikifika, na isifike karibuni maana Musembi hajui hata kufua soksi zake, usimwachie Vidya. Njoo wewe. Unalikumbuka jina langu la utotoni, uliniuliza siku ile ya kwanza tuliyokunywa chai mjini, nikakuambia nikiwa nimejifunika uso. Hakuna mwingine aliye hai anayelijua. Niite mara moja tu, kwa sauti ile ya mlangoni. Watu wakinikataza sitawasikiliza. Nitakuitikia, na nitakuja.

Anayeandika ni mkeo, Munyiva. Pamoja nami ni wanao, Nzula na Musembi. Mama yako, Susu wetu. Mdogo wako Mutiso, mkewe na watoto wao. Ukoo wote wa Mbooni. Majirani wa Jamhuri pamoja na Gurdeep na jamaa yake. Na Vidya na Caren, ambao wameomba wahesabiwe kuwa wa nyumba hii, nasi tumewahesabu.

Kila asubuhi tunayoamka, tutakukumbuka.